Ufagio Mlangoni kwa Tirkkonen

Siku ya nane ya kungoja, Taimi Tirkkonen alifungua mlango wa nje mara sita kabla ya uji kuiva. Alichungulia ngazi, akachungulia ziwa lililoganda, akafunga. Mara ya saba mama mkwe wake, Amanda, akaweka kijiko mezani.

"Unachoma kuni zote kupasha moto ziwa," akasema.

"Nilidhani nimesikia mtu, mama."

"Anayekuja atakuja. Mlango haujapigwa misumari."

Taimi akakaa, akala, wala hakujua anakula nini. Masikio yake yalikuwa nje. Theluji ikidondoka kutoka kwenye paa, aligeukia mlango. Farasi akigonga ubao kwenye banda, aligeukia mlango.

Alikuwa anangoja neno moja kutoka Helsinki. Mwishoni mwa Januari, mwaka huo wa 1952, wanawake wa Ufini walishindanishwa kilomita kumi ili wapatikane wa kupelekwa Oslo, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake kuruhusiwa huko katika mbio za mbao ndefu, zile mbao za kutelezea juu ya theluji ambazo mtoto wa nchi ile huvalishwa miguuni kabla hajajua kufunga vifungo. Miaka yote ya nyuma wakubwa walisema mwili wa mwanamke hauhimili mbio za namna hiyo. Walisema hivyo wameketi, wakimiminiwa kahawa na mwanamke aliyekwisha kupasua kuni na kukamua ng'ombe watano.

Taimi alikuwa wa tano. Wakachukuliwa wanne. Yeye aliandikiwa barua fupi yenye muhuri: ni wa akiba wa kwanza, mmoja akiugua ataitwa kwa simu, akae tayari, na siku atakayoitwa apande treni ya jioni ya siku hiyohiyo.

Simu ilikuwa moja tu katika kijiji kizima cha Hoikanperä, nayo ilikuwa ng'ambo ya ziwa, kilomita sita, dukani kwa Hulda Puurunen. Hulda aliuza chumvi, misumari na kahawa ya mgao, na katikati ya kuuza alichomeka nyaya za simu ukutani na kusikiliza mambo ya watu. Alimwahidi Taimi kwamba simu ya Helsinki ikilia, hatangoja hata dakika, atamtuma Nestori.

Nestori Jauhiainen ndiye aliyepeleka barua. Mkono wake wa kushoto ulibaki vitani, kwa hiyo alisukuma mbao zake kwa fimbo moja. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, wa kuvua kofia hata akikutana na mbwa wa mchungaji. Taimi alipomwomba alijibu, "Hata nikitambaa, bi mdogo, neno litafika."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari. Mbao zilikwisha kupakwa lami na kuchomwa taratibu mpaka mti ukainywa. Mfuko wa mgongoni ulining'inia kwenye msumari, na ndani yake soksi mbili, mkate mkavu, kisu na kipande cha mshumaa. Kilichobaki ni mtu kukung'uta theluji ngazini.

*

Asiyejua angesema ni uroho wa sifa. Sivyo.

Taimi alizaliwa Karelia, upande ambao sasa ni wa Warusi. Baba yake, fundi wa mbao na mpenda maneno, aliwasimulia watoto kila msimu wa baridi jinsi Wafini walivyokwenda Stockholm mwaka wa 1912, nchi ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Walipangwa waandamane uwanjani na Warusi, bila bendera yao. Wakajikokota makusudi, wakaacha nafasi katikati, ili ulimwengu uone kwamba hawa ni watu wengine. "Nafasi ile," baba alikuwa akisema, "ndiyo ilikuwa bendera."

Halafu kaka yake Taimi, Arvi, akawa na miguu ya mbio. Michezo ya 1940 ilikuwa ifanyike Helsinki penyewe. Uwanja ulijengwa, mnara mweupe ukasimama. Arvi aliletewa barua ya kwenda kujiandaa, mbio za mita elfu tano. Akaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Novemba ya 1939 vita vikaja, familia ikapewa saa mbili kuondoka, barua ikabaki nyuma ya saa, saa ikabaki ukutani, nyumba ikachomwa na majeshi yao wenyewe isije ikamfaa adui. Arvi aliuawa Februari, amevaa shuka jeupe juu ya koti, mbao zikiwa bado miguuni.

Ndiyo maana barua ya Helsinki ilipokuja, Taimi hakuiweka nyuma ya saa. Aliivaa kifuani, chini ya fulana, na ilikwisha kulainika kwa jasho kama kitambaa.

Oiva Tirkkonen alimwoa vita vilipokwisha, akamleta nyumbani kwa mama yake. Oiva hakuwa mtu mbaya, ila kuanzia Novemba mpaka Aprili alikuwa msituni akikata magogo, na mtu mwema aliye msituni miezi sita hamsaidii mtu aliye jikoni. Kabla hajaondoka baada ya Krismasi alisema, "Ukiitwa, nenda. Mama atakamua."

"Mama atakamua," Amanda akajibu, "siku Mungu atakapomrudishia vidole."

Kweli vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda, hilo lazima lisemwe. Lakini ulimi haukuwa umepinda. Taimi akipaka lami aliambiwa nyumba inanuka kama mashua. Akirudi kutoka ziwani, amezunguka mara nne kwa mazoezi, aliulizwa kama amekumbuka maji. Na wageni wakiwapo, Amanda alisema kwa sauti ya upole, "Mkwe wetu ni wa mashariki. Huko kwao walikuwa wakisali mbele ya picha za watakatifu. Lakini anajitahidi, maskini." Miaka saba Taimi alikamua ng'ombe wa nyumba ile, na bado alikuwa anajitahidi, maskini.

*

Siku hiyo ya nane ilikuwa Jumanne. Ng'ombe aitwaye Mansikki alianza uchungu saa mbili asubuhi, na ndama alikuja kinyume, miguu ya nyuma mbele. Taimi akavua sweta, akapaka mikono sabuni, akaingia zizini. Kabla ya kuingia alisimama jikoni.

"Mama, Nestori akija niite. Hata kama nina mkono tumboni mwa ng'ombe, niite."

"Nimekusikia. Si kiziwi."

Zizi la nyumba ile lilikuwa nyuma ya ghala, hatua kama hamsini kutoka mlangoni. Mle ndani hakuna sauti ya nje inayofika; kuta ni nene, na Mansikki alikuwa akilia. Taimi alivuta, akapumzika, akavuta. Kila alipopumzika alitega sikio. Alifikiri: akija sasa, nitamwachia nani huyu? Kisha akafikiri: asipokuja je? Hakujua lipi lilimtisha zaidi. Alimfunga ndama kamba miguuni, akaegemeza kisigino ukutani na kuvuta kwa mgongo, na hata hapo, uso umejaa jasho, mkono mmoja ulikwenda kifuani kuhakikisha barua ipo.

Ndama alitoka mzima. Taimi akampangusa kwa majani makavu, akamtia puani pumzi, akamlaza mbele ya mama yake. Alipotoka nje jua lilikuwa limekwisha kupita katikati. Hewa ilikuwa imebadilika: asubuhi kulikuwa na baridi kavu, sasa theluji laini yenye maji ilikuwa ikianguka.

Ufagio wa vijiti ulikuwa umeegemezwa mlangoni.

Kwa watu wa Hoikanperä ufagio nje ya mlango maana yake nyumba haina mtu. Hakuna kufuli wala ufunguo, ufagio unatosha. Usipokuwapo, haipigwi hodi: mgeni hukung'uta theluji, huingia, huketi kwenye benchi la mlangoni mpaka aulizwe ana neno gani. Ukiwapo, hugeuka na kurudi alikotoka, hata awe ametembea nusu siku. Kuusogeza ufagio wa mwenyewe ni kama kumfunua mtu shuka kitandani.

Taimi akatazama chini. Alama za mbao mbili zilitoka ziwani mpaka mbele ya ngazi. Hapo theluji ilikanyagwa; mtu alisimama kwa muda. Kisha alama zikageuka, zikarudi ziwani. Kando yake, upande wa kulia, kulikuwa na matundu ya fimbo. Upande wa kushoto hapakuwa na tundu hata moja.

Akapiga magoti, akaingiza kidole ndani ya alama ile. Theluji mpya ilikuwa imejaa mpaka kwenye kiungo cha pili. Saa mbili zimepita, au zaidi kidogo.

Hakumwita mama mkwe. Hakuingia ndani ila kuchukua sweta na mfuko. Akafunga mbao miguuni, damu ya ng'ombe bado iko kwenye viwiko, akashuka ziwani akifuata fimbo moja.

*

Hulda alipomwona akiingia dukani alikaa chini juu ya gunia la chumvi.

"Kumbe upo?" akasema. "Mbona upo?"

"Walipiga?"

"Saa tatu na nusu. Mmoja ana homa. Walikutaka wewe, walitaja jina lako lote. Nikamtuma Nestori, akarudi saa sita, amelowa, akasema hakuna mtu, ufagio mlangoni. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, 'Bi Hulda, ufagio ni ufagio. Nilikohoa mara mbili.' Wakapiga tena. Ningewaambia nini?"

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba hupatikani. Wakasema basi watamwita anayefuata."

Nestori alikuwa pale, nyuma ya jiko, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Moshi ulikuwa unatoka," akasema. "Niliuona moshi. Nikasema, ni makaa ya asubuhi."

"Nilikuwa zizini."

"Zizini," akasema Nestori. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Zizini. Mtu akiwa zizini ufagio hauwekwi." Akatazama sakafu, kwa sababu alikwisha kuelewa, na lililoeleweka lilihusu mama wa watu.

Hulda alikuwa amekwisha kuchomeka waya. Kituo cha simu cha Kuopio hakikujibu, kilipojibu kikasema njia ya Helsinki ina watu, angoje. Taimi akatazama saa ya duka. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Treni ilipita stesheni saa kumi kasoro dakika kumi. Kutoka dukani mpaka stesheni ni kilomita kumi na nne, vilima vitupu.

"Waambie niko njiani," akasema. "Ukiwapata, waambie nakuja."

"Kwa theluji hii?"

"Mpigie na mkuu wa stesheni."

"Kunywa maji kwanza, mwanangu."

Lakini mlango ulikwisha kufungwa.

Watu waliokuwapo siku hiyo walisema baadaye kwamba hawajaona mtu akiondoka vile. Yeye mwenyewe hakuona kitu. Asubuhi alikuwa amezipaka mbao nta ya kutelezea kwenye baridi kali, na sasa joto lilikuwa limepanda. Kilomita ya kwanza zilikwenda. Ya pili theluji ikaanza kunata chini yake kama unga uliokandwa, mbao zikawa visigino virefu. Akasimama, akazivua, akazikwangua kwa kisu mpaka kwenye lami, akazisugua kwa kile kipande cha mshumaa. Mshumaa ukamponyoka mara mbili. Alihesabu kwa sauti ili asilie: dakika nne zimekwenda, tano zimekwenda.

Kisha zikateleza. Vilima alivipanda akikimbia, mabondeni alishuka ameinama, machozi ya upepo yakiganda kwenye nyusi. Alifikiri juu ya Arvi, kisha akaacha, maana kufikiri kulikuwa kunakula pumzi. Kila mti aliuona kama mtu anayesimama njiani kumwambia umechelewa. Katika kilima cha mwisho alisikia honi ya treni mbali, akatapika maji machungu bila kusimama.

Alifika jukwaani treni ikiwa bado haijaonekana. Mkuu wa stesheni, mtu mnene aitwaye Sivert Holopainen, alikuwa nje na saa yake ya mfukoni.

"Umetumia saa moja na dakika tisa," akasema. "Hulda alinipigia ulipotoka. Kwa njia ile na theluji hii, saa moja na dakika tisa. Sitaamini mpaka nife."

"Helsinki wamesema nini?"

Sivert akafunga saa. "Hulda aliwapata. Wamesema nafasi wamekwisha kumpa mwingine. Wamesema asante."

Treni ikaingia. Ilisimama pale dakika mbili, kama kila siku. Mlango wa behewa la tatu ulikuja ukakaa mbele yake, ukafunguliwa; mwanamke mmoja akashuka na kikapu, na mlango ukabaki wazi. Joto lilitoka ndani, harufu ya tumbaku na maganda ya chungwa.

"Nikukatie tikiti?" Sivert akauliza. "Ukifika utawaeleza."

Taimi akatazama mlango. Hakuwa ameitwa tena. Aliyekuwa ameitwa ni mwingine. Kwao mtu haendi asikoitwa, akasimama katikati ya ofisi ya watu na viatu vyenye maji, akisema nilikuwa zizini. Na Mansikki alikuwa hajakamuliwa maziwa ya kwanza, na saa kumi na moja ng'ombe wote watano wataanza kulia.

"Hapana," akasema. "Asante."

Taa nyekundu ya nyuma ilipoishia kwenye miti, aligeuza mbao. Kurudi nyumbani, ziwa likiwa ndani ya safari, ni kilomita ishirini.

*

Amanda alikuwa amejaribu kukamua. Ndoo ilikuwa na maziwa kidogo chini, na vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Ulikuwa wapi? Ng'ombe wamelia mpaka majirani wamesikia."

"Ufagio uliuweka wewe."

"Niliuweka. Nilikwenda kwa akina Kettunen kuazima hamira."

"Nilikuwa zizini, mama."

"Zizi si nyumba."

"Tangu lini? Mwezi wa kwanza nilipokuja niliuweka nikiwa kisimani, ukanisema mbele ya wageni. Ukasema mwenye nyumba akiwa uani, nyumba ina mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Amanda alikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. "Mzee husahau," akasema.

"Unakumbuka madeni ya hamira ya mwaka wa vita."

"Kaa ule."

Taimi hakukaa. Alichukua ufagio, akauvunja juu ya goti, akautia jikoni ndani ya moto. Vijiti vililia na kuwaka. Toka siku hiyo mpaka leo nyumba ya Tirkkonen haijaegemezwa ufagio mlangoni, na watu wamekwisha kuketi kwenye benchi lake nusu siku nzima wakingoja nyumba isiyo na mtu.

Oslo ilifika Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwa redio, dukani kwa Hulda. Watu walijaa mpaka nje. Wanawake wa Ufini walikuja wa kwanza, wa pili na wa tatu, mmoja nyuma ya mwingine, na wazee waliokuwa hawajakumbatia wake zao tangu harusi walikumbatiana wao kwa wao. Kahawa halisi ilitoka kwenye kopo la Hulda, bila punje ya nafaka ya kuchanganyia. Taimi alikunywa kikombe chake. Alifurahi, hilo ni kweli. Na furaha ile ilikuwa imesimama juu ya tumbo lake kama mtu mwenye buti.

Njiani kurudi, Amanda akiwa kwenye kijisleji, kiti cha kusukumwa juu ya theluji, na Taimi akimsukuma, mama mkwe akasema, "Basi umeona. Walikuwa wazuri kuliko wewe. Wa akiba ungefanya nini? Ungeshika makoti yao."

"Ningeshika makoti yao," akasema Taimi.

Akaendelea kumsukuma mpaka nyumbani.

*

Mwezi wa Aprili ikaja barua ya pili. Nestori aliileta mwenyewe, akaiweka mezani bila kumtazama, akaondoka bila kahawa. Iliandikwa kwa mkono na mmoja wa waliopanga safari. Alisema wanasikitika. Aliyeitwa badala yake alikuwa kaskazini, njia zimefungwa na theluji, hakufika; kiti kilikwenda kitupu. Jioni ile, alisema, baada ya simu ya duka, walibaki na shaka, wakampeleka mtu kusubiri treni asubuhi ikifika Helsinki, ikiwa bibi Tirkkonen atakuwa amepanda hata hivyo. Mtu yule alisimama mpaka abiria wa mwisho akashuka.

Taimi aliisoma akiwa zizini. Aliisoma tena. Kisha akaiweka nyuma ya saa ya ukutani, kama alivyofanya Arvi, na hakumwambia mtu.

Maana Hoikanperä ilikwisha kuamua. Kosa la kwanza ni la bibi kizee, ingawa hakuna aliyelitamka. Kosa la pili ni la Nestori, na hilo lilitamkwa sana. "Nestori, ukiona moto unawaka, kohoa mara mbili kwanza." "Nestori, fimbo moja, akili nusu." Ila yeye alibadilika. Yule mtu wa kuvua kofia alianza kuondoa fagio za watu. Akiwa na barua, hata kadi ya Krismasi, aliusogeza ufagio, akafungua mlango, akaita. Kisha akazunguka, akachungulia zizi, ghala, kibanda cha sauna. Kwa akina Kettunen alimkuta mke wa mtu katikati ya mvuke. Alilaumiwa, alitishiwa kushtakiwa, mwisho akanyang'anywa mkoba wa barua. "Nestori ataingia hata kaburini akuulize kama upo," watu walisema wakacheka.

Taimi alisikia hayo yote. Kila mara alijiambia, leo nitasema. Kila mara aliona mlango ule wa behewa, wazi, joto likitoka, akaacha. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mtu aliyedhulumiwa. Na alikuwa amedhulumiwa, hilo halikuwa uongo; ila haukuwa ukweli mzima.

Amanda alikufa miaka sita baadaye, mikononi mwa Taimi, amelishwa kwa kijiko majira mawili ya baridi. Wiki ya mwisho alimshika mkono akasema, "Niliogopa kuachwa na ng'ombe." Taimi akampangusa mdomo, akasema, "Najua, mama." Kama alimsamehe, hakuwahi kumwambia mtu, labda hata nafsi yake.

Miaka ikaenda. Nyaya za simu zikafika kila nyumba. Ziwa likajengewa daraja. Majira ya baridi ya 1971, Taimi akiwa na miaka arobaini na tisa na magoti mabovu, akasikia Nestori yuko kitandani, mapafu, hatafika Pasaka. Akaoka mkate mtamu wa iliki, akaichukua ile barua nyuma ya saa, akafunga mbao.

Njia nzima alikuwa akijipangia maneno na maneno yakianguka. Alipofika, akatazama mlango wa Nestori.

Ufagio ulikuwa umeegemezwa.

Alisimama mbele ya ngazi. Moshi ulitoka kwenye dohani, mwembamba. Akakohoa. Akakohoa tena. Hakuna kitu. Alijua kwamba mpwa wa Nestori, Raili, ndiye anayemtunza mzee. Huenda amekwenda dukani. Huenda ameuweka kwa mazoea. Huenda pia Nestori amekwisha kupelekwa hospitali, na ndani hakuna mtu, na yeye ataonekana akisukuma mlango wa nyumba ya watu. Alisimama muda mrefu kuliko Nestori alivyosimama kwake. Kisha akaushika ufagio, akautupa kwenye theluji, akaingia.

Nestori alikuwa kitandani, macho wazi.

"Nilisikia unakohoa," akasema. "Nikasema, tuone."

Taimi hakuketi kwenye benchi. Akaenda mpaka kitandani, akamsomea barua yote, kwa kuwa macho ya mzee hayakuona tena. Akamweleza mlango wa behewa, dakika mbili, na tikiti aliyoulizwa akaikataa. Alipomaliza, akaikunja karatasi.

"Tangu Aprili ile," Nestori akasema.

"Tangu Aprili ile."

"Nimefungua milango ya watu miaka kumi na tisa. Nimemwona mke wa Kettunen alivyoumbwa. Mkoba wangu umechukuliwa."

"Najua, mzee Nestori."

"Na wewe umekaa."

"Nimekaa."

Akageukia ukuta. Taimi akarudi kwenye benchi la mlangoni, akakaa na mkate wake magotini, kama mgeni ambaye hajaulizwa neno. Saa ilipiga. Mgongo wa Nestori ulipanda na kushuka chini ya blanketi, na hakukuwa na njia ya kujua mgongo ule unasema nini.

Baadaye ngazi zikasikika. Raili akaingia na vifurushi, theluji mabegani, amekunja uso.

"Nani amenitupia ufagio?"

Taimi akafungua mdomo.

"Mimi," akasema Nestori, bado ametazama ukuta. "Mkatie mgeni mkate wake, na uweke kahawa."